Sikio Moja la Dunia, Sikio Moja la Nyumbani

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji utakayeyakuta mazungumzo haya gazetini, leo nakuomba unifuate chumbani. Usione haya. Nataka tuzungumze jambo ambalo watu wengi wa mjini hulifanya kila usiku, nalo ni kulala kitandani, taa imezimwa, nyuzi zimechomekwa masikioni na muziki unaimba kichwani mpaka usingizi uje. Vijana huviita vidude hivyo iafoni. Wengine husema hedifoni. Mimi nitaviita visikilizio, maana ndilo jina lililokuwa likitumika kwetu nilipoviona kwa mara ya kwanza.

Sitaki kuwalaumu vijana. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini sina haki hiyo. Nataka tuulize tu: desturi hii imetoka wapi, imetufikiaje, na imetuletea nini?

Kwetu ni kando ya Ziwa Nyasa, si mbali na Liuli, mkoa wa Ruvuma. Wakati wa utoto wangu sehemu zote hizo zilikuwa wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa baadaye, mwaka 2012. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa Mmatengo wa Litembo, huko juu milimani wanakolima ngolo na kahawa, naye serikali ikamteremsha ziwani kufundisha. Huko akamwoa mama, Mnyasa, binti wa wavuvi. Hivyo mimi nimelelewa na milima na maji, na ugali wa muhogo kwa dagaa wa Nyasa.

Kabla sijafika kwenye redio, nikukumbushe kisa kimoja cha Liuli. Zamani za Wajerumani mji huo uliitwa Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba mmoja pwani ambao waliuona kama ile sanamu kubwa ya Misri. Mwezi Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli ikitengenezwa. Ghafla ikatokea meli ya Waingereza, Guendolen, kutoka upande wa Nyasaland, ikaanza kupiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani akaruka mashuani, akapiga makasia kuelekea kwa nahodha Mwingereza, hasira zimempanda, akamuuliza kama amelewa. Maana wale wawili walikuwa marafiki, wakinywa pamoja kila walipokutana. Mjerumani hakuwa na habari kwamba Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani tangu tarehe 4 ya mwezi ule. Mwenzake alikuwa amepata habari, yeye hakupata. Akachukuliwa mateka akiwa bado anashangaa.

Msikilizaji, kisa hiki huwachekesha watu, lakini mimi kila nikikikumbuka hutazama upande mwingine. Pwani yetu ilikuwa mahali ambapo habari haifiki. Vita ya dunia ilikuja mpaka mlangoni na mwenyeji hakuambiwa. Kwa watu wa mahali kama hapo, kusikia kuna thamani ambayo mtu wa mjini aliyezungukwa na makelele hawezi kuijua upesi.

Basi usiku wetu, kabla ya redio, ulikuwa na sauti gani? Ulikuwa na mawimbi yakipiga mchanga. Ulikuwa na wavuvi wakiitana. Na siku za mchezo ulikuwa na mganda. Hii ni ngoma ya wanaume ambayo ilienea kando ya ziwa baada ya vita ile ya kwanza. Waliokuwa askari na wapagazi walirudi na mwendo wa gwaride na sauti za bendi za kijeshi. Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo, basi wakatengeneza zao kwa vibuyu, wakazivumisha kwa mdomo. Ngoma ile husikika ng’ambo ya ghuba. Wala hapakuwa na mtu aliyeisikia peke yake: mganda ukilia, kijiji kizima kimesikia, mgonjwa na mzima, aliyeupenda na aliyeuchukia.

Sasa tuvuke bahari tutazame wenzetu. Watu wengi hudhani kwamba kusikiliza kwa visikilizio ni jambo la juzi. La hasha. Huko Ulaya, visikilizio vilikuwapo kabla ya redio yenyewe. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, fundi Mfaransa Clément Ader alitandika nyaya za simu kutoka jumba la opera, na watu wakapanga foleni wakaweka visikilizio masikioni kusikia waimbaji waliokuwa mbali nao. Baadaye ikawa biashara: ukilipa ada, unaletewa muziki nyumbani kwa waya wa simu. Mwandishi Marcel Proust, aliyekuwa na maradhi ya pumu na kushinda kitandani, alijiunga mwaka 1911, akawa anasikiliza opera akiwa amelala chini ya mablanketi yake. London nako kulikuwa na huduma ya namna hiyo tangu mwaka 1895, na wakati wa vita ya kwanza ilifikishwa hospitalini kwa askari majeruhi. Kwa hiyo, watu wa mwanzo kabisa kusikiliza muziki kitandani kwa visikilizio walikuwamo wagonjwa, watu ambao hawakuweza kuamka waende mahali penye watu.

Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alitengeneza visikilizio vya masikio yote mawili jikoni kwake na kuviuza kwa jeshi la majini. Na redio zilipoanza kuingia majumbani miaka ya 1920, zile za bei nafuu hazikuwa na nguvu ya kusukuma spika. Mtu alivaa visikilizio kwa lazima. Spika ya kusikilizwa na nyumba nzima ilikuja baadaye, ikapokewa kwa furaha, maana sasa baba na mama na watoto waliweza kucheka pamoja.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Sisi tulianza na uani, ndipo tukafika kitandani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza Julai 1951, ikisikika mjini na viungani tu. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaifanya redio kuwa idara yake, ndiyo Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo leo ni TBC Taifa. Lakini watu wa Nyasa walikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1949, kule Lusaka, ilitolewa redio ya betri yenye umbo la sufuria, imepakwa rangi ya buluu, ikiuzwa paundi 5, na betri yake shilingi 25 zaidi. Betri hiyo ilidumu kiasi cha saa 300. Redio ya Lusaka ilitangaza pia kwa Kinyanja, lugha ambayo haijui mpaka wa ziwa. Mwenye redio sufuria hakuwa na redio yake mwenyewe. Aliiweka barazani, na watu wakakaa chini kuizunguka.

Serikali yetu iliujua utamaduni huo, ikautumia. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza mafunzo, na watu wakakusanyika katika vikundi kiasi cha 75,000, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Walisikiliza pamoja, wakajadili pamoja, kisha wakasimama wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Baba yangu aliongoza kikundi katika kampeni zote mbili, na hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba redio bila majadiliano ni mtu anayeongea peke yake njiani.

Redio ya baba ilikuwa National ya bendi mbili, imevikwa ngozi ya kahawia yenye matundu. Aliinunua Mbinga kwa fedha ya kahawa aliyogawiwa na kaka yake. Redio za transista zilikuwa zimebadili mambo duniani. Transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na redio ya kwanza ya mfukoni ikauzwa mwaka 1954. Redio hizo zilikuwa na kitu kimoja ambacho vijana wa leo hawakukiona: kisikilizio cha sikio moja, waya mwembamba wenye kipande kama punje ya hindi, kikikaa ndani ya mfuko mdogo wa ngozi. Ukikichomeka, spika inanyamaza, na sauti inaingia katika sikio lako moja. Sikio la pili hubaki wazi.

Kwetu mfuko ule haukufunguliwa mara nyingi. Baba aliona ni jambo la ubinafsi. Lakini nje ya mipaka yetu kisikilizio kile kilikuwa kikifanya kazi nzito. Kusini mwa Mbinga ni mkoa wa Niassa wa Msumbiji. Frelimo ilianza vita ya ukombozi Septemba 1964, na matangazo yake yalitoka Dar es Salaam katika mitambo ya redio yetu. Raia wa Msumbiji waliotaka kuyasikia walifanya hivyo usiku, kwa sauti ya chini, kwa kuogopa polisi wa siri wa Kireno. Hali kadhalika Afrika Kusini: kukamatwa ukisikiliza redio ya ANC kuliweza kukutia jela hata miaka 8. Fikiri, msikilizaji, mtu amejifunika blanketi, redio ameibana sikioni, mkewe analinda mlango. Kwake kusikiliza peke yake kitandani hakukuwa kujitenga na wenzake. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuwa pamoja nao. Hili nataka tulikumbuke tutakapofika mwisho, tusije tukahukumu harakaharaka.

Na kwa nini usiku? Ipo sababu ya kiungwana na ipo ya kisayansi. Mchana, jua hujenga katika anga la juu tabaka ambalo humeza mawimbi ya redio ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hupanda juu zaidi, yakagonga tabaka jingine na kurudishwa ardhini mbali sana. Ndiyo maana mchana pale ziwani tulikuwa tukipata mikwaruzo, na usiku dunia nzima inafunguka. Tulipata Dar es Salaam. Tulipata Blantyre kwa Kichewa, na mama alicheka mizaha ambayo baba hakuielewa. Serikali zetu mbili zilikuwa zikibishana tangu mwaka 1967 kuhusu mpaka, kama unapita katikati ya ziwa au ufukweni kwetu, lakini hewani hapakuwa na boya wala bendera. Tulipata Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1963.

Na tulipata muziki. Hapo ndipo nilipotekwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Nuta Jazz, magitaa yale yanayojibizana kama ndugu wawili waliokaa mkeka mmoja! Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekwisha kufa tangu Januari 1979, lakini kwetu alikuwa anaimba kila usiku. Tatizo lilikuwa mawe. Betri tuliziita mawe ya redio, na miaka ile ya mwanzo ya themanini mawe yaliadimika kama sabuni na sukari. Baba akaweka sheria: redio hufunguliwa saa mbili usiku kwa taarifa ya habari, kisha hufungwa. Muziki ulihesabiwa kama kumwaga maji.

Nikagundua jambo, nalo ndilo lililoniharibu. Kisikilizio hula umeme kidogo sana kuliko spika. Mawe yaliyochoka kabisa, ambayo kwenye spika hayatoi hata mkoromo, kwenye kisikilizio bado huimba. Basi baba akiyatoa mawe na kusema yamekufa, mimi huyaanika juani, na usiku nikisikia anakoroma, huiteremsha redio rafuni polepole, nikajifunika nayo blanketi. Hivyo ndivyo nilivyo mwizi wa kwanza wa muziki katika ukoo wetu. Raha yake siwezi kuieleza. Mwimbaji hakuwa barazani tena, wala hakuwa Dar es Salaam. Alikuwa ndani ya kichwa changu, akiniimbia mimi tu. Mtoto wa nyumba yenye watoto saba, anayelala kitanda kimoja na wadogo zake wawili, anapata wapi tena kitu ambacho ni chake peke yake?

Tarehe 12 Aprili 1984, siku ya Alhamisi, redio yetu ilikuwa haijafunguliwa kwa siku mbili. Mawe yalikuwa yamekwisha na dukani hakuna. Usiku ule nikafanya wizi wangu kama kawaida. Nikachomeka kisikilizio, nikangoja magitaa. Magitaa hayakuja. Uliopigwa ulikuwa muziki wa taratibu wa maombolezo, mrefu, usio na maneno. Nikadhani nimekosea stesheni. Kisha ikaja sauti, ikarudia tangazo ambalo nchi nzima ilikuwa imekwisha kulisikia tangu jioni kutoka kinywani mwa Mwalimu Nyerere mwenyewe: Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro akitoka Dodoma.

Msikilizaji, nilibaki nimeshika pumzi. Baba alimpenda Sokoine. Mwaka 1983 alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, baba alisema huyu ndiye. Sasa mimi, mtoto, nilikuwa na kifo chake sikioni, na nyumba nzima inakoroma. Nikiamsha watu, nitaulizwa nimejuaje. Nikinyamaza, asubuhi habari itafika kwa mguu kutoka kijiji kingine, na mimi nitajifanya kushangaa. Nililala kama robo saa nikiwaza fimbo. Aibu niliyo nayo mpaka leo ni hiyo robo saa, si wizi wa redio.

Mwishowe nikaamka, nikasimama mlangoni mwa chumba cha wazazi, redio kifuani, waya unaning’inia, nikaita, “Baba, Sokoine amekufa.”

Baba alitoka na shuka kiunoni. Hakuuliza lolote. Alichukua redio akachomoa waya, ili sote tusikie. Spika haikutoa kitu. Mawe yalikuwa yamechoka mno. Akauchomeka tena, akaweka kisikilizio sikioni, akasimama hivyo gizani muda mrefu. Kisha akampa mama. Mama akasikiliza, akampa bibi. Bibi hakujua Kiswahili cha redio, lakini alipousikia ule muziki alielewa, akaanza kulia. Kilio cha bibi kikaamsha majirani. Wakaja mmoja mmoja na vibatari, “Hodi Mwalimu, kuna nini?” Na baba akaketi barazani na kisikilizio sikioni mwake, sikio la pili likiwasikiliza watu, akawa anapokea neno kutoka Dar es Salaam na kulitangaza kwa sauti, kwa Kiswahili, na mama analitafsiri kwa lugha ya ziwa. Kijiji kizima kilisikiliza kwa tundu moja lisilozidi punje ya hindi. Tulikaa hadi mawe yakafa kabisa.

Fimbo sikupigwa. Asubuhi baba aliniambia maneno machache: “Usiku wa leo umeiba kitu cha watu wote. Shukuru kwamba umekirudisha.”

Wakati sisi tunatafuta mawe, dunia ilikuwa imekwisha kupiga hatua nyingine. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza Walkman, kinanda cha kaseti cha kuvaa kiunoni, kisicho na spika wala kitufe cha kurekodi, chenye visikilizio vyepesi tu. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya visikilizio, na kitufe ambacho ukikibonyeza muziki unashuka ili wawili waweze kuongea. Mkuu wa kampuni, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Baada ya muda wakagundua kwamba wanunuzi hawakujali. Kila mtu alitaka chake. Tundu la pili likaondolewa. Baba yangu na Morita hawakukutana, lakini naamini wangeelewana.

Huku kwetu Walkman zilianza kuonekana baada ya serikali, mwaka huohuo wa 1984, kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Tuliziita wokimani. Kijana aliyerudi Mbinga kutoka Dar es Salaam na wokimani alitazamwa kama mtu aliyetoka mwezini. Kisha miaka ya tisini ikafungua redio za watu binafsi. Radio One mwaka 1994, na kwetu kusini Radio Maria ikaanzia Songea mwaka 1996. Mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ukafika Songea kutoka Makambako. Leo kijana wa Liuli ana simu kiganjani, na ndani ya simu kuna nyimbo nyingi kuliko zilizowahi kupita katika redio ya baba maisha yake yote. Na visikilizio vyake ni viwili, vimeziba masikio yote mawili.

Hapa ndipo nataka kueleza kilichonifanya nizungumze leo. Mama yangu sasa ni mzee. Mwaka jana alikuja kwangu Dar es Salaam kutibiwa macho. Usiku mmoja aliamka kwenda msalani, hakutaka kusumbua watu, gizani akateleza ukutani akaanguka. Akaita. Chumba cha karibu kabisa ni cha mwanangu wa mwisho. Alikuwa macho, ila muziki ulikuwa umejaa masikioni. Mimi nililala upande wa pili wa nyumba, feni ikivuma. Mama alikaa sakafuni mpaka alfajiri, mke wangu alipoamka. Hakuvunjika, Mungu ni mwema. Nilitaka kumfokea kijana. Mama akanizuia kwa mkono, akasema, “Mwache mwanangu. Na wewe ulikuwa hivyohivyo. Ila wewe ulikuwa na kimoja.”

Nilimwelewa baadaye. Ndiyo kusema: katika usiku wote wa wizi wangu, sikio langu la pili lilikuwa nyumbani. Lilisikia baba akigeuka kitandani. Lilisikia mdogo wangu akikohoa, na mara mbili lilisikia mbuzi wakihangaika zizini. Sikuwa mtoto mwema kuliko mwanangu. Kifaa changu ndicho kilichokuwa maskini, na umaskini wake ukaniachia mlango wazi.

Msikilizaji, sisemi tuvitupe vifaa hivi. Nimekueleza juu ya mgonjwa wa Paris, majeruhi wa London, na raia wa Msumbiji chini ya blanketi. Mtu anayelala chumba kimoja na wapangaji wenzake, ukuta mmoja na baa inayopiga muziki hadi alfajiri, ana haki ya kujitafutia faragha kidogo. Hata usingizi wenyewe, kwa wengi, huja kwa wimbo wa taratibu kama ulivyokuja kwa bembelezo la mama. Wala si kelele kwa jirani, na hiyo nayo ni adabu.

Lakini masikio yana hesabu yake. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo zinazogeuza mtetemo kuwa sauti, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kuharibu masikio yao kwa kusikiliza kwa sauti kubwa, na mwaka 2019 likashauri kiwango cha desibeli 80 kisizidi saa 40 kwa juma. Anayelala na muziki masikioni kwa usiku mzima, sauti ikiwa juu, anazila saa hizo akiwa hana habari. Basi ukilala nayo, ishushe, na uiwekee saa ya kujizima.

Na jambo la pili, ambalo si la daktari. Nilipomaliza maneno na mwanangu, sikumnyang’anya simu. Nilimwomba kitu kimoja tu: usiku avae upande mmoja. Alinitazama kama mzee aliyechanganyikiwa, akasema muziki wa siku hizi umegawanywa, gitaa hili kulia, lile kushoto, ukivaa upande mmoja unapoteza nusu ya wimbo. Nikamwambia ni kweli, unapoteza nusu ya wimbo. Akafikiri kidogo, akachomoa cha kushoto, kile kinachoelekea chumba alicholala bibi yake.

Bibi amekwisha rudi ziwani. Safari hii alishuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kwa gari katika muda ambao zamani tungekuwa bado tunasukuma lori kwenye tope. Kijana huniambia bado anavaa kimoja. Sijui kama ni kweli, maana sichunguzi. Lakini juzi usiku nilikohoa kidogo, kikohozi cha kawaida tu cha vumbi, na kutoka chumba kile nikasikia sauti: “Baba, uko salama?”

Nikajibu kwamba niko salama.

Kwa leo tuishie hapo. Panapo majaliwa, tukutane tena juma lijalo, saa kama hii. Usiku mwema.